Watu Wakimwangusha Mtawala, Damu Inayofuata Ni ya Nani?

 

Neno tunalowaletea leo limetoka katika mabishano yanayosikika mara nyingi kati ya waamini, wanapotoka katika ibada na kuzungumza habari za inchi za Waarabu. Wazee wanasema: "Muangalie Libia, muangalie Siria. Watu walimkataa mkubwa wao, na sasa wamekosa yote mawili, mkubwa na amani." Vijana wanajibu: "Lakini baba, mtu akikutesa miaka makumi tatu, utanyamaza mpaka lini?" Kila upande unachukua Maandiko na kumpiga mwenzake nayo, kisha kila mtu anarudi kwake na hasira.

Sisi tumeona vema kulipima jambo hili polepole, maana si habari ya Waarabu peke yao. Ni swali juu ya zambi na haki, linalomhusu kila mtu anayeishi chini ya mamlaka. Swali ni hili: watu wakisimama na kumwangusha mtawala mbaya, kisha damu ikamwagika na inchi ikaharibika, hatia ni ya nani?

1. Mambo yalivyotokea

Tarehe 17 Desemba 2010, katika mji wa Sidi Bouzid, inchi ya Tunisia, kijana wa miaka 26 aliyeitwa Mohamed Bouazizi alikuwa akiuza matunda na mboga kwa pusipusi. Watu wa serikali walimnyang'anya mali yake pamoja na mizani. Akaenda kwenye ofisi ya gavana kulalamika, hakupokelewa. Basi akajimwagia kitu cha kuwaka mbele ya ofisi ile, akajitia moto. Alikufa tarehe 4 Januari 2011. Siku 10 tu baadaye, tarehe 14 Januari, raisi Ben Ali, aliyetawala tangu 1987, alikimbilia Saudi Arabia kwa sababu inchi nzima ilikuwa barabarani.

Tueleweke vema. Kanisa haliwezi kusifu tendo la mtu kujiua, kwa maana uhai ni mali ya Mungu, na kijana yeyote anayesoma maneno haya na moyo wake umechoka, amfikie mchungaji wake au mama wa maombi leo hii, asingoje kesho. Lakini kumhukumu marehemu ni kazi rahisi. Kazi ngumu ni kuuliza kwa nini mlango wa ofisi ile ulifungwa.

Moto ule ukavuka mipaka. Katika Misri watu walijaa kiwanja cha Tahrir, mjini Kairo, tangu tarehe 25 Januari 2011. Walidai mkate, uhuru na haki. Zikapita siku 18, na tarehe 11 Februari Hosni Mubarak, aliyetawala tangu 1981, akaacha kiti. Katika siku zile Wakristo wa Misri, wanaoitwa Wakopti, walishikana mikono kuwazunguka Waislamu waliokuwa wakisali, ili wasishambuliwe. Waislamu nao wakawalinda Wakristo walipofanya ibada yao kiwanjani. Ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini halikudumu. Mwaka 2012 alichaguliwa Mohamed Morsi. Mwaka 2013 makundi makubwa yakajaa tena barabarani kumkataa, na tarehe 3 Julai jeshi likamwondoa. Tarehe 14 Agosti 2013, katika kiwanja cha Rabaa, polisi na askari waliwashambulia wafuasi wake: shirika la Human Rights Watch lilihesabu wafu wasiopungua 817 kwa siku moja. Na wenye hasira wakalipiza kisasi kwa kuchoma makanisa kwa makumi, kana kwamba Wakopti ndio waliotoa amri ile. Jenerali Abdel Fattah el-Sisi, aliyemwondoa Morsi, akawa raisi mwaka 2014.

Katika Libia Muammar Gaddafi alikuwa ametawala tangu 1969. Watu walisimama mwezi wa Februari 2011, ndege za NATO zikaingia mwezi wa Machi, naye akauawa tarehe 20 Oktoba. Kisha wenye bunduki wakagawana inchi. Mwezi wa Februari 2015 dunia ilionyeshwa Wakristo 21, Wakopti 20 wa Misri na mmoja wa Ghana, waliochinjwa kando ya bahari na watu wa kundi linalojiita Dola la Kiislamu.

Katika Siria mambo yalianza mwezi wa Machi 2011 mjini Deraa, ambako watoto waliandika ukutani maneno ya kuikataa serikali. Wakakamatwa, wakateswa. Vita iliyofuata ilidumu zaidi ya miaka 13, mpaka Bashar al-Assad alipokimbilia Urusi tarehe 8 Desemba 2024. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba raia zaidi ya 300,000 waliuawa katika miaka 10 ya kwanza, bila kuhesabu askari.

Na jirani zetu wa Sudani: bei ya mkate ilipopanda mwezi wa Desemba 2018, watu walisimama, na tarehe 11 Aprili 2019 Omar al-Bashir akaanguka baada ya miaka karibu 30. Wakuu wa jeshi walikubali kutawala pamoja na raia, kisha wakanyakua yote tarehe 25 Oktoba 2021. Tarehe 15 Aprili 2023 wenye bunduki wakageukiana wao kwa wao, jeshi upande mmoja na kikosi cha RSF upande mwingine. Watu zaidi ya milioni 10 wakaacha nyumba zao.

2. Wanaosema: afazali Farao

Mtu akiisha kusikia habari hizi, tunaelewa kwa nini mzee anatikisa kichwa. Wana wa Israeli nao, walipoona njaa jangwani, walikumbuka vyungu vya nyama vya Misri na wakasahau mijeledi. Walitoka utumwani kwa usiku mmoja, na jangwa likawachukua miaka 40. Kama ungewauliza katikati ya safari, wengi wangekuambia kwamba Musa amewaharibia maisha.

Lakini tuangalie vizuri ni nani aliyefanya nini. Pale Deraa wazazi walikwenda kudai watoto wao. Mkubwa mwenye hekima angewarudisha watoto, angewaazibu waliowatesa, na pengine mambo yangeishia hapo. Waliodai watoto wakapewa risasi. Basi twende kwenye kitabu cha Mwanzo. Damu ya Abeli ilipolia kutoka katika udongo, Mungu alimuuliza Kaini. Hakumuuliza Abeli kwa nini alikwenda shambani.

Kwa hiyo neno la kwanza la jibu letu ni hili: hatia ya damu ni ya yule anayeimwaga na yule anayetoa amri. Tusiihamishe hatia hiyo kutoka kwa mwenye bunduki na kuiweka juu ya mama aliyekuwa akidai mtoto wake. Ni zambi kumshuhudia uongo maskini.

Wengine watasema Mtume Paulo aliwaandikia Warumi watii mamlaka. Ni kweli, na sisi tunafundisha hivyo. Lakini Mtume alisema pia kwamba mwenye mamlaka ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema. Wazalishaji wa Kiebrania, Shifra na Pua, walipoamriwa na Farao kuwaua watoto wa kiume, walikataa, na Mungu akawajengea nyumba. Walikataa bila kushika jiwe. Tena sisi wa makanisa ya kinabii hatuwezi kusahau mwaka 1921, wakati watu walipokuwa wakimiminika Nkamba kumsikia Simon Kimbangu. Hakuwa na bunduki. Lakini Wabelgiji waliona katika umati ule maasi dhidi ya serikali. Wakamhukumu kifo, kisha mfalme wao akakigeuza kuwa kifungo cha maisha, naye akafia gerezani Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, tarehe 12 Oktoba 1951. Mtoto wa nyumba kama hii hawezi kusema kwamba kila anayehesabiwa kuwa mwasi na serikali ni mwasi mbele za Mungu.

3. Wanaosema: sauti ya watu ni sauti ya Mungu

Sasa tuwageukie vijana wetu, maana nao wana neno lisilotosha. Umati uliomwimbia Yesu hosana alipoingia Yerusalemu, na umati uliomchagua Baraba, ilikuwa katika juma moja, katika mji mmoja. Kairo nako ilikuwa hivyo: wengi waliopaza sauti mwaka 2011 kuukataa utawala wa askari, mwaka 2013 waliwapigia askari hao makofi. Wingi wa watu unaonyesha ukubwa wa maumivu. Hauonyeshi njia.

Katika inchi hizo zote watu walipaza neno moja, kwamba wanataka utawala uanguke. Ni neno lenye nguvu. Lakini linataja kitakachoanguka, na halitaji kitakachosimama. Bwana wetu alitoa mfano wa pepo mchafu aliyemtoka mtu: akarudi, akakuta nyumba imefagiwa na kupambwa, lakini haina mtu, akaleta wengine saba wabaya kumpita, na hali ya mwisho ikawa mbaya kuliko ya kwanza. Wengi wetu tumeuhubiri mfano huu juu ya mtu mmoja mmoja. Bwana mwenyewe aliuelekeza kwa kizazi kizima.

Lakini hapa tuwe waangalifu, ndugu. Ni nani aliyeiacha nyumba tupu? Gaddafi alikataza vyama vya siasa kwa sheria ya mwaka 1972, na aliyeunda chama aliweza kuuawa kwa sheria hiyo. Miaka karibu 40 hakuna aliyejifunza kuongoza mkutano, kupiga kura, kushindwa na kurudi nyumbani kwa amani. Siku alipoanguka, waliojua kufanya kazi pamoja ni wale waliokuwa na silaha. Katika Sudani, kile kikosi cha RSF kilitokana na wanamgambo wa Janjaweed, ambao serikali ya Bashir yenyewe iliwapa silaha kupigana katika Darfur. Pepo wale saba hawakutoka mbali. Mwenye nyumba ndiye aliyewafuga uani.

Na nyumba isiyo na mtu haiuawi na bunduki peke yake. Usiku wa tarehe 10 kuamkia 11 Septemba 2023, mvua kubwa ya dhoruba ilinyesha mashariki ya Libia. Juu ya mji wa Derna kulikuwa na mabwawa mawili ambayo hayakutengenezwa vizuri kwa miaka mingi, tangu wakati wa Gaddafi na hata baada yake. Yakapasuka, maji yakabeba sehemu ya mji mpaka baharini, na maelfu ya watu wakafa. Serikali mbili zilikuwa zikigombania ukubwa, na ukuta wa bwawa haukuwa na mwenye kuutunza.

Sisi Wakongomani tunapashwa kuelewa jambo hili bila kufundishwa na mtu. Mwezi wa Septemba 1991 na tena Januari 1993 tuliona pilaji. Askari walianza, raia wakafuata, mtu akabeba friji kichwani na kusema ni haki yake, na kesho yake kiwanda kikafungwa na baba wa watoto akakosa kazi. Lakini tarehe 16 Februari 1992 tuliona pia Wakristo wa Kinshasa wakitembea na Biblia, mishumaa na matawi mikononi, wakidai Mkutano wa Taifa ufunguliwe tena. Walipigwa risasi, na wengine walikufa. Makundi hayo mawili yalikuwa ya watu wa inchi moja, wenye njaa moja. Anayesema umati wote ni mbaya amesahau matawi, na anayesema umati wote ni mtakatifu amesahau friji.

4. Tunisia na mizani ya Bouazizi

Iko inchi moja ambayo nyumba yake haikuwa tupu. Katika Tunisia sendika kubwa ya wafanyakazi, UGTT, ilianzishwa mwaka 1946, na hata Ben Ali hakuweza kuimaliza. Mwaka 2013 wanasiasa wawili wa upinzani waliuawa, na inchi ikakaribia kushika njia ya wengine. Sendika ile ikakutana na umoja wa wenye makampuni, umoja wa waavoka na shirika la haki za binadamu. Hao wanne waliwaita wakubwa wa vyama mezani na kuwasukuma mpaka wakapatana. Mwezi wa Januari 2014 inchi ilipata katiba mpya bila vita, na mwaka 2015 hao wanne walipewa tuzo ya Nobel ya amani.

Tungependa kuishia hapo, lakini ukweli unaendelea. Tarehe 25 Julai 2021 raisi Kais Saied alisimamisha bunge na kujichukulia mamlaka, na usiku ule ule watu wengi walitoka barabarani kwa furaha. Baadaye wapinzani wakatiwa gerezani. Kwa nini watu walifurahia kufungwa kwa bunge ambalo ndugu zao walilifia? Kwa sababu miaka 10 ilikuwa imepita, vyama vimegombana, serikali zimebadilika mara nyingi, na kijana wa Sidi Bouzid alikuwa bado hana kazi. Wakubwa waliandika katiba nzuri. Ile mizani iliyonyang'anywa haikurudi sokoni.

Manabii Amosi na Mika walijua jambo hili. Walipotangaza hukumu juu ya wakubwa, walitaja mizani ya uongo na vipimo vilivyopunguzwa. Utawala unapimwa mbele za Mungu pale mama anapouza nyanya na polisi anapita, kabla haujapimwa katika bunge.

5. Mashemasi saba

Tunaomba sasa mfungue Matendo ya Mitume, sura ya 6. Katika kanisa la kwanza kulitokea manung'uniko. Waamini waliosema Kiyunani waliwanung'unikia Waebrania, kwa sababu wajane wao walisahauliwa katika kugawa chakula kila siku. Hii ilikuwa nini, kama si watu wadogo kuulalamikia uongozi, na tena juu ya mkate?

Mitume wangeweza kusema kwamba wanung'unikaji wameingiliwa na shetani. Wangeweza kuwauliza ni nani aliyewatuma. Hawakufanya hivyo. Waliita mkutano wote, wakasema chagueni wenyewe watu saba wenye sifa njema. Na majina ya wale saba, Stefano, Filipo na wenzao, ni majina ya Kiyunani. Ndiyo kusema kazi ilitiwa mikononi mwa wale wa upande uliolia. Kisha Maandiko yanasema neno la Mungu likaenea.

Kwa hiyo sisi tunaobeba jina la shemasi tujue tulikotoka. Cheo chetu kilizaliwa katika malalamiko yaliyosikilizwa. Pale Yerusalemu wajane walilia, mlango ukafunguliwa, kanisa likapata mashemasi. Pale Sidi Bouzid mchuuzi alilia, mlango ukafungwa, na moto uliofuata uliunguza inchi nyingi.

6. Jibu letu

Tukirudi kwa swali la mwanzo, tunajibu hivi. Hatia ya damu ni ya anayeimwaga. Hatia ya utupu wa nyumba ni ya mtawala aliyewanyima watu nafasi ya kujifunza kujitawala. Na waliosimama kumkataa wana nini? Wana deni. Si hatia, ni deni. Anayeng'oa mlango mbovu anapashwa kulala macho mpaka mlango mpya utiwe. Asiseme, "Sisi tumekwisha kazi yetu, tunarudi nyumbani," maana mwizi anapita usiku ule ule. Tena deni hilo halingoji siku ya maandamano. Linalipwa kabla, katika sendika, katika vikundi vya akina mama vya kusaidiana, katika mikutano ya kartie, na katika parokia zetu.

Ndiyo, katika parokia zetu. Maana tunawezaje kuwahukumu Mubarak na Assad, ikiwa mama mjane akiuliza sadaka ya ujenzi imekwenda wapi tunamwambia kwamba anampinga mtumishi wa Mungu? Kijana akisema hesabu haikusomwa mwaka huu, tunamwondoa katika kwaya? Mtu anayejifunza kanisani kwamba kuuliza ni uasi, atakwenda katika inchi na mojawapo ya mambo mawili: ama atanyamaza mbele ya kila ubaya, ama atangoja siku ya kuvunja vyote. Na anayejifunza kanisani kwamba neno lake linasikilizwa, na kwamba yeye pia ataitwa kubeba kazi anayoilalamikia, huyo ndiye atakayekaa katika nyumba ili pepo wale saba wasipate nafasi.

Basi tunawaomba wachungaji na mashemasi wenzetu: hesabu za sadaka zisomwe mbele ya waamini wote, na aliye na neno apewe nafasi ya kulisema akiwa amesimama, bila kutishwa. Tunawaomba vijana: kabla ya kupaza sauti kwamba jambo fulani lianguke, mkae pamoja na kuandika ni nini kitasimama, na ni nani kati yenu atakayekilinda usiku. Tunawaomba wazee: msiwatishe watoto kwa habari za Libia, bali muwafundishe kwa habari hizo.

Tuwakumbuke katika maombi ya Jumatano watu wa Sudani, wa Siria, wa Libia na wa Yemeni, Waislamu na Wakristo, na hasa familia za wale 21 waliochinjwa kando ya bahari. Bwana anayesikia manung'uniko ya wajane awasikie wao, atusikie na sisi. Amina.